Seneta wa 101: Clarence Mitchell na Kazi ya Kuhesabu Kura

Seneti ya Marekani ina viti 100. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 watu wa Washington walizoea kusema yuko seneta wa 101. Hakuchaguliwa na yeyote, hakuwa na kiti ukumbini wala haki ya kupiga kura, na kazi ilipokwisha alipanda treni akarudi kwake Baltimore. Huyo alikuwa Clarence Mitchell Jr., ambaye tangu 1950 hadi 1978 aliongoza ofisi ya Washington ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi.

Wasikilizaji wengi wa mhadhara huu wanamjua Martin Luther King, na wengi wamewahi kuona picha ya Rais Lyndon Johnson akitia saini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai 1964. Wachache wamelisikia jina la Mitchell. Haishangazi. Maandamano hupigwa picha, hotuba hurekodiwa, lakini mtu anayesimama kwenye korido akimweleza seneta wa Nebraska kwa nini kifungu fulani kisiguswe hana mpiga picha. Mhadhara huu unamhusu mtu huyo wa korido. Hoja yake ni hii: maandamano ndiyo yaliyoifikisha miswada mlangoni mwa Bunge, lakini kuiingiza ndani, kuilinda isikatwe miguu na kuitoa ikiwa sheria ilikuwa kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ilitaka mtu anayezijua kanuni za Bunge kuliko wabunge wenyewe.

Mshawishi wa bungeni hana jina zuri, Marekani wala kwingineko. Akitajwa, watu humwona wakala wa kampuni ya mafuta au ya sigara, mwenye bahasha na meza iliyokwisha kulipiwa hotelini. Mitchell hakuwa na bahasha. Chama chake kiliishi kwa ada za wanachama, na kwa sehemu kubwa ya muda wake watu wake wengi wa Kusini walizuiwa hata kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo hakuweza kumtishia seneta wa Mississippi kwamba angemwangusha. Alichokuwa nacho ni taarifa sahihi, subira na adabu iliyowachanganya maadui zake.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1911. Baada ya kuhitimu Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, aliajiriwa kama mwandishi wa gazeti la Afro-American la mjini kwao. Oktoba 1933, akiwa na miaka 22, alitumwa Princess Anne, mji mdogo upande wa mashariki wa jimbo la Maryland, ambako kundi la Wazungu lilimtoa mahabusu kijana aitwaye George Armwood, likamuua na kuuchoma mwili wake. Mitchell alifika asubuhi iliyofuata, akauona mwili, akaandika. Februari 1934 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza muswada wa kuyafanya mauaji ya namna hiyo kuwa kosa la serikali kuu. Muswada ule ulikufa Seneti. Baraza la Wawakilishi lilipitisha miswada ya aina hiyo mwaka 1922, 1937 na 1940, na kila mara Seneti iliizika. Sheria yenyewe ilikuja kutiwa saini Machi 2022. Kijana wa miaka 22 alikuwa ameonyeshwa mapema mahali tatizo lilipokaa: ukumbi mmoja wenye kanuni moja iliyowaruhusu wachache wazungumze mpaka muswada ufe.

Somo la pili alilipata serikalini. Mwaka 1941 kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph alitishia kuleta maandamano makubwa Washington, na Rais Franklin Roosevelt akatoa amri iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya vita na kuunda kamati ya kusimamia ajira za haki. Mitchell aliajiriwa na kamati hiyo. Aliona kwa macho yake jinsi Weusi walivyoanza kupewa kazi za ufundi ambazo jana yake waliambiwa hawaziwezi, halafu akaona maseneta wa Kusini wakiinyima kamati fedha hadi ikafa mwaka 1946. Kamati iliyozaliwa kwa amri ya rais haina miguu yake yenyewe. Rais akibadilika, au bajeti ikikatwa, imekwisha. Tangu hapo Mitchell akawa mtu wa sheria iliyoandikwa na kupigiwa kura, na marafiki waliojaribu kumshawishi aridhike na amri ya Ikulu walikuta ukuta.

Aliingia NAACP mwaka 1945 kushughulikia masuala ya kazi, na miaka mitano baadaye akakabidhiwa ofisi ya Washington. Mji wenyewe ulikuwa wa kibaguzi. Mtu aliyekuwa akizungumza na maseneta asubuhi angeweza kukataliwa chakula cha mchana mtaa wa pili. Migahawa ya mji mkuu ililazimishwa na Mahakama Kuu ya Marekani kuhudumia watu wote Juni 1953 tu. Mwaka 1956, akiwa safarini, Mitchell alikamatwa katika stesheni ya treni ya Florence, South Carolina, kwa kutumia mlango wa Wazungu.

Nyumbani nako siasa haikulala. Mkewe, Juanita Jackson Mitchell, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya kazi ya uwakili Maryland, na mama mkwe wake, Lillie Carroll Jackson, aliongoza tawi la NAACP la Baltimore kwa zaidi ya miaka 30. Ukikaa mezani na wanawake wale wawili, maseneta wa Kusini hawakutishi sana.

Mwaka 1950, mwaka uleule alipokabidhiwa ofisi ya Washington, ulizaliwa muungano wa vyama vingi, vya Weusi, vya wafanyakazi, vya Wayahudi, vya makanisa, kwa jina la Leadership Conference on Civil Rights. Mitchell akawa mkuu wake wa masuala ya Bunge. Pembeni yake alisimama wakili Mzungu, Joseph Rauh, mwepesi wa kukasirika kadiri Mitchell alivyokuwa mpole. Walitembea pamoja kwa karibu miaka 30. Jambo la kwanza walilolishikia bango halikuwa muswada wowote. Ilikuwa kanuni ya 22 ya Seneti, iliyotaka theluthi mbili ya kura ili kufunga mjadala. Bunge jipya lilipofunguliwa Januari 1953, na tena 1957 na 1959, wao na maseneta marafiki walijaribu kuibadili. Walishindwa au walipata makombo. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa ugomvi mkavu wa makarani. Mitchell alijua kwamba kila kitu kingine kilining'inia hapo.

Mwaka 1957 ulimletea mtihani mchungu. Serikali ya Rais Eisenhower ilipeleka muswada wa haki za kiraia, na kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Lyndon Johnson wa Texas, akataka upite bila kukivunja chama chake cha Democratic. Ili upite, aliukata. Sehemu ya tatu, ambayo ingempa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kufungua kesi za kutetea haki zote, zikiwamo za kuchanganya wanafunzi shuleni, iliondolewa. Kisha kikaongezwa kifungu kilichowapa maofisa wa Kusini wanaokaidi amri ya mahakama haki ya kushtakiwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani, kwa Kusini ya wakati ule, mbele ya Wazungu wenzao. Wengi ndani ya muungano walitaka muswada ukataliwe. Mwishowe katibu mkuu wa NAACP, Roy Wilkins, na wenzake wakaamua kuupokea, kwa hesabu ya wahenga kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Seneta Strom Thurmond wa South Carolina aliuona hata muswada ule mkonde kuwa mzito mno. Usiku wa tarehe 28 Agosti alisimama akaanza kuzungumza. Alikuwa amekwenda kuoga mvuke mapema ili mwili ukauke asihitaji choo. Alisoma sheria za uchaguzi za majimbo, akasoma Tangazo la Uhuru, akaendelea. Roshani ya wageni ilikuwa karibu tupu, lakini mke wa Thurmond alikuwa amekaa pale, na Clarence Mitchell naye alikuwa pale. Thurmond alimaliza baada ya saa 24 na dakika 18, rekodi iliyodumu kwa miongo mingi. Muswada ulipita saa chache baadaye na Eisenhower akautia saini Septemba.

Ilikuwa sheria ya kwanza ya haki za kiraia tangu 1875. Iliunda Tume ya Haki za Kiraia na idara maalumu katika Wizara ya Sheria. Kwa mpigakura wa Alabama haikubadili kitu, na waliomlaumu Mitchell walikuwa na haki ya kulaumu. Lakini mawakili wa idara ile mpya ndio waliokuja kukusanya, kaunti kwa kaunti, ushahidi wa jinsi Weusi walivyofukuzwa kwenye daftari la wapigakura, na ushahidi huo ndio uliobebwa Bungeni mwaka 1965. Hapa mwandishi wa mhadhara huu anaegemea upande wa Mitchell.

Kuna kisa ambacho sisi Waafrika tuna sehemu yetu ndani yake. Barabara kuu namba 40, sehemu ya njia ya kati ya New York na Washington, ilipita Maryland, jimbo la Mitchell. Mabalozi wa nchi zilizokuwa zikipata uhuru walisafiri kwa barabara hiyo kati ya Umoja wa Mataifa na Ikulu. Mwaka 1961 balozi wa Chad alisimama katika mgahawa wa njiani kutaka kahawa, akakataliwa kwa rangi yake. Wizara ya Mambo ya Nje, kwa kuona haya mbele ya dunia, iliingia katika kuwabembeleza wenye migahawa na wabunge wa Maryland. Kwa mtu wa Baltimore aliyekuwa amelalamikia migahawa hiyohiyo miaka nenda rudi, hapo pana kichekesho kichungu: balozi mmoja wa kigeni alitikisa serikali kuliko raia milioni 19. Mitchell hakuwa mtu wa kupoteza muda kwa uchungu. Heshima ya Marekani machoni mwa Afrika na Asia ilikuwa hoja inayouzika, na washawishi wa muungano waliiuza.

Kisha ikaja Birmingham, Alabama. Mei 1963 picha za mbwa wa polisi na mabomba ya maji dhidi ya watoto zilienea duniani, na tarehe 11 Juni Rais Kennedy akatangaza kwamba atapeleka muswada mpya. Usiku huohuo, baada ya saa sita, Medgar Evers, mtu wa NAACP huko Mississippi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Bila Birmingham muswada usingezaliwa. Hilo halina mjadala. Ila muswada wa Kennedy ulipofika Bungeni ulikuwa mwembamba, na hapo ndipo kazi ya korido ilipoanza.

Mitchell na Rauh walitaka mambo mawili yaongezwe: kifungu cha ajira, na ile sehemu ya tatu iliyokatwa 1957. Katika Baraza la Wawakilishi, kamati ndogo ya Emanuel Celler wa New York iliwapa karibu yote waliyotaka, kisha serikali ya Kennedy, kwa kuhofia kwamba muswada mkali ungekufa ukumbini, ikaingia na kuupunguza. Mitchell aliisema serikali hadharani. Mazungumzo ya kweli yalikuwa na mtu mwingine: William McCulloch, Mrepublican wa mji mdogo wa Piqua, Ohio, ambaye jimbo lake la uchaguzi halikuwa na Weusi wa kutosha kumbadilishia matokeo. McCulloch alikuwa na sharti moja. Mwaka 1957 yeye na wenzake walipiga kura ngumu, halafu Seneti ikauza walichokipigia kura. Safari hii, alisema, serikali iahidi kwamba hakuna kitakachouzwa Seneti bila ridhaa yake. Alipewa ahadi, na kutoka hapo muswada ukawa na uti wa mgongo. Kifungu cha ajira kilibaki ndani.

Kennedy aliuawa Novemba 22. Howard Smith wa Virginia, mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, aliukalia muswada hadi shinikizo la kumpokonya lilipomlazimisha kuuachia, na mjadala ukaanza mwishoni mwa Januari 1964.

Jinsi kura zilivyopigwa katika hatua ile inahitaji maelezo kidogo. Baraza la Wawakilishi lilipokaa kama kamati ya Baraza zima kujadili marekebisho, majina hayakuandikwa. Wajumbe walipita ujiani mmoja baada ya mwingine, wahesabuji wakahesabu vichwa, basi. Mwananchi wa Ohio hakuwa na njia ya kujua kama mjumbe wake alipita na wa ndiyo, na wa hapana, au alikuwa mgahawani na kikombe cha kahawa. Katika kura hizo zisizo na majina ndipo miswada ya aina hii ilikuwa ikinyofolewa. Wajumbe wa Kusini walihudhuria bila kukosa. Marafiki wa Kaskazini walikuwa na mambo mengi ya kufanya.

Muungano ukaweka watu kwenye roshani. Kanuni zilikataza mgeni kuandika chochote akiwa pale, kwa hiyo kila mtu wa kujitolea alikariri sura za wajumbe wachache tu na kuzikodolea macho siku nzima: kaingia, katoka, kapita upande gani. Mjumbe aliyekosekana alitajwa kwa simu kwenye ofisi ya muda ambayo muungano uliifungua katika hoteli iliyo jirani na Bunge. Kutoka huko Jane O'Grady, wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, alikuwa na wanawake waliosambazwa kwenye korido za ofisi za wabunge. Dakika chache baadaye mlango wa mjumbe mtoro ungegongwa na mama mwenye tabasamu: Mheshimiwa, wanakuhitaji ukumbini. Wajumbe wa Kusini waliwakasirikia watu wa roshani wakawaita tai. Mitchell na Rauh walikuwa juu pale pamoja nao.

Marekebisho makubwa ya kudhoofisha yaliangushwa moja baada ya jingine. Kulikuwa na moja la ajabu: Smith, kwa nia ambayo wanahistoria wanaibishania mpaka leo, alipendekeza kifungu cha ajira kikataze pia ubaguzi wa jinsia. Likapita kwa kura 168 dhidi ya 133, na wanawake wa Marekani wakapata chombo ambacho wapangaji wakuu wa muswada hawakukipanga. Tarehe 10 Februari Baraza likaupitisha muswada kwa 290 dhidi ya 130. Warepublican 138 walikuwa kati ya hao 290. Mitchell na Rauh walikuwa bado kwenye jengo la Bunge wakati simu ya kibanda kwenye korido ilipolia. Ilikuwa Ikulu inawatafuta. Johnson, ambaye sasa alikuwa rais, hakupiga kuwapongeza. Alitaka kujua wamefanya nini kuhusu Seneti.

Hilo lilikuwa swali lenye mantiki. Tangu kanuni ya kufunga mjadala iwekwe mwaka 1917, Seneti haikuwahi hata mara moja kuufunga mjadala wa muswada wa haki za kiraia. Zilitakiwa kura 67. Kiongozi wa walio wengi, Mike Mansfield, alianza kwa kuuzuia muswada usipelekwe kwenye Kamati ya Sheria, ambako mwenyekiti James Eastland wa Mississippi alikuwa na kaburi lililokwisha chimbwa. Hubert Humphrey wa Minnesota akapewa usimamizi wa ukumbi upande wa Democratic, na Thomas Kuchel wa California upande wa Republican. Richard Russell wa Georgia akawapanga watu wake kwa zamu, na maneno yakaanza mwezi Machi.

Mbinu ya Kusini ilikuwa kuita akidi kila saa. Wakipungua 51 ukumbini, kikao kinaahirishwa, na wenye kuzungumza wanapumzika. Humphrey naye akagawa watu wake zamu. Siku ligi ya besiboli ilipofunguliwa mwezi Aprili, tangazo la akidi lilisomwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, na maseneta waliokuwa wakitazama mechi wakakimbizwa kurudi Bungeni. Mitchell na Rauh walikutana na kundi la Humphrey mara kwa mara wiki zote hizo. Walikuwa wageni wasumbufu. Kila maofisa wa Wizara ya Sheria walipopendekeza kulegeza neno hapa na pale kumridhisha Everett Dirksen, kiongozi wa Republican, wawili hao walipinga.

Dirksen ndiye aliyekuwa na ufunguo, maana kura za Kusini zilipotolewa, 67 hazikupatikana bila Warepublican. Wengi wa hao walitoka Iowa, Nebraska, South Dakota, majimbo ambako NAACP haikuwa na wapigakura wa kuhesabika. Huko Mitchell hakujipeleka mbele. Muungano uliwatuma wachungaji, mapadri na marabi. Seneta aliyerudi kwao mwisho wa wiki alikuta barua za waumini, na Jumapili alikuta mahubiri. Washington kwenyewe wanafunzi wa vyuo vya dini walishika zamu ya maombi usiku na mchana penye sanamu ya Lincoln tangu Aprili. Pengine hapa ndipo ustadi wa Mitchell ulipoonekana zaidi, kujua mlango ambao yeye asiugonge.

Dirksen alipata alichotaka. Tume ya fursa sawa za ajira iliundwa bila meno: ingeweza kupokea malalamiko na kupatanisha, lakini isiweze kumshtaki mwajiri. Mitchell na Rauh hawakufurahi. Tarehe 10 Juni, asubuhi, Robert Byrd wa West Virginia alimaliza hotuba iliyodumu zaidi ya saa 14, na majina yakaanza kuitwa. Clair Engle wa California, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na hawezi tena kusema, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa aliinua mkono akaligusa jicho lake, na karani akamwandika ndiyo. Kura 71 dhidi ya 29. Muswada ukapita Juni 19 kwa 73 dhidi ya 27, Baraza likakubali mabadiliko Julai 2, na Johnson akautia saini siku hiyohiyo.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 haihitaji maelezo marefu hapa. Baada ya polisi kuwapiga waandamanaji kwenye daraja la Selma, Alabama, tarehe 7 Machi, njia ilikuwa wazi kuliko wakati wowote. Seneti ilifunga mjadala Mei 25 kwa 70 dhidi ya 30, na Johnson akatia saini Agosti 6. Huko Mississippi, Weusi walioandikishwa walikuwa karibu asilimia 7, wakafika karibu asilimia 60 kufikia 1967.

Mwaka 1968 ni tofauti, na kama kuna sheria inayostahili kubeba jina la Mitchell, ni ya mwaka huo. Makazi lilikuwa suala lililowatia woga hata marafiki. Mzungu wa Chicago aliyefurahia migahawa ya Alabama kufunguliwa hakutaka kusikia habari za jirani Mweusi. Muswada wa makazi ulikufa Seneti mwaka 1966, Dirksen akiwa kati ya walioupinga. Serikalini na hata ndani ya muungano walikuwapo waliosema yatosha, rais atoe amri pana zaidi, kama Kennedy alivyotoa ya kiasi mwaka 1962. Mitchell, aliyeiona kamati ya ajira ikifa kwa kunyimwa fedha, hakukubali. Alitaka sheria.

Februari 1968 Walter Mondale wa Minnesota na Edward Brooke wa Massachusetts, seneta pekee Mweusi, walikibandika kifungu cha makazi kwenye muswada mwingine uliokuwa ukilinda wanaharakati dhidi ya vurugu. Jaribio la kwanza la kufunga mjadala lilipata kura 55. La pili 56. Dirksen, kwa mshangao wa wengi, akageuka na kuunga mkono baada ya kupunguza makali. La tatu lilipata 59. Tarehe 4 Machi, jaribio la nne, zikapatikana 65 dhidi ya 32, zikatosha bila hata kura moja ya ziada. Muswada ukaenda Baraza la Wawakilishi na kukwama kwenye Kamati ya Kanuni. Aprili 4 King aliuawa Memphis. Miji ikawaka, Baltimore ya Mitchell ikiwa mojawapo. John Anderson, Mrepublican wa Illinois katika kamati ile, alivuka upande, muswada ukatoka, na tarehe 10 Baraza likaupitisha huku wanajeshi wakiwa mitaani Washington. Mara nyingi husemwa kwamba kifo cha King ndicho kilichozaa sheria ya makazi. Kiliisukuma hatua ya mwisho. Seneti, ukumbi ambao miaka yote ndio uliokuwa kaburi, ilikwisha kupiga kura Machi 11, wakati King yu hai.

Vijana wa miaka hiyo hawakumpenda sana Mitchell. Kwa wanaharakati wa Nguvu ya Weusi alikuwa mzee wa suti anayesalimiana na wabaguzi, na ni kweli alisalimiana nao. Aliwaita Eastland na Russell kwa heshima zote za Bunge, akawapelekea hoja kwa maandishi, na hakuamini kwamba mtu ni adui wa kudumu. Ukosoaji mzito zaidi ni mwingine: sheria zenyewe zilitoka na mapengo. Wizara ya makazi chini ya sheria ya 1968 iliweza kusuluhisha tu, na haikupewa meno mpaka marekebisho ya 1988. Mtu aliyenyimwa nyumba Cleveland mwaka 1970 hakushibishwa na kura 65 za Mondale.

Mitchell aliyajua mapengo hayo kwa namba za vifungu, na alirudi kuyaziba moja moja. Mwaka 1969 na 1970 yeye na Rauh walisaidia kuwaangusha wateule wawili wa Rais Nixon kwa Mahakama Kuu, Clement Haynsworth kwa kura 55 dhidi ya 45 na Harrold Carswell kwa 51 dhidi ya 45, kwa sababu sheria nzuri hufa mkononi mwa jaji asiyeitaka. Mwaka 1972 tume ya ajira ilipata hatimaye uwezo wa kumpeleka mwajiri mahakamani, meno yale yaliyong'olewa na Dirksen. Sheria ya kura iliongezewa muda 1970 na 1975. Alistaafu 1978, Rais Carter akampa Nishani ya Uhuru 1980, na alifariki Machi 1984. Mahakama ya Baltimore inaitwa kwa jina lake. Howard Baker, aliyekuwa akiongoza Warepublican walio wengi katika Seneti alipofariki, alisema kwamba waliokuwamo wakati ule walijua Mitchell alikuwa na ushawishi kuliko wengi wenye viti.

Kazi ya Mitchell haikukaa salama baada yake. Juni 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, ilikifuta kifungu cha sheria ya 1965 kilichoamua ni majimbo gani yapate kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Seneti ilikuwa imekirefusha mwaka 2006 kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga. Muswada wa kukirudisha, wenye jina la John Lewis, aliyevunjwa kichwa pale Selma, uliunganishwa na muswada mwingine wa uchaguzi na kufikishwa Seneti Januari 2022. Kufunga mjadala siku hizi kunahitaji kura 60. Zilipatikana 49, na jaribio la kuibadili kanuni usiku uleule lilishindwa kwa 48 dhidi ya 52.